Margarita Haihitaji Westlands

Margarita ina vitu vitatu: tequila, pombe tamu ya machungwa inayoitwa triple sec, na maji ya ndimu. Chumvi hukaa kwenye mdomo wa glasi kwa anayeitaka. Barafu hupoza na kulainisha, halafu kazi yake imekwisha. Kitu kingine chochote utakachokuta humo ndani, kuanzia ile rangi ya kijani inayong'aa kama taa za matatu hadi sukari ya kuuma meno, kimetiwa kwa faida ya mtu mwingine, si yako.

Naanzia hapo kwa sababu Jumamosi hii kuna msichana atavaa vizuri, atoke Kawangware, Kinoo ama Uthiru, aende Westlands alipe elfu moja na zaidi kwa glasi moja ya kitu asichojua kimetengenezwa na nini. Akirudi nyumbani atasoma kwa simu kwamba shida ya pombe nchini ni watu kama yeye, wanaoagiza chupa iletwe mlangoni na boda. Nina ubishi na wote wawili, anayemuuzia na anayemhubiria. Wanaonekana kama maadui lakini wanafanana kwa jambo moja: hakuna kati yao anayejali kama huyu msichana anajua kilicho ndani ya glasi yake.

Tuanze na baa.

Najua kidogo kinachoendelea nyuma ya kaunta. Niliacha chuo mwaka wa tatu na tangu hapo nakula kwa kuandika: matangazo ya nyumba za kupangisha, kepsheni za maduka ya viatu, hotuba ya baba wa bibi harusi, menyu. Menyu ndizo hulipa haraka, kwa kawaida. Kuna baa moja upande huu wa magharibi, jina nitaliacha, ilinitumia orodha ya kokteli kumi na mbili nizipambe kwa maneno. Kwenye margarita walitaka nitaje ndimu "iliyokamuliwa mbele yako". Nikaenda kuona, manake siwezi kusifu kitu sijakiona. Nyuma ya kaunta kulikuwa na ndimu mbili, zimekatwa vipande vyembamba vya kupambia glasi. Maji yenyewe yalitoka kwa jerikeni ya lita tano: sukari, maji, asidi ya sitriki, rangi. Nikawaandikia "kinywaji cha tequila chenye ladha ya ndimu", na huo ndio ulikuwa ukweli. Wakarudisha. Nikakataa kubadilisha. Nusu ya pili ya malipo yangu iko njiani mpaka leo.

Sisemi baa zote. Kuna vijana hapa Nairobi wanaokamua ndimu kila jioni hadi vidole vinawachoma, na wanalipwa kidogo sana kwa ufundi walio nao. Hao sina neno nao. Ninachopinga ni hesabu ya mwenye baa. Maji ya ndimu yakishakamuliwa hayakai. Kufika kesho yake yamepooza na yameanza uchungu. Jerikeni inakaa miezi. Ndimu inataka mtu wa kuikamua, na mtu anataka mshahara. Kwa hivyo mteja anapewa jerikeni kwa bei ya ndimu, na sukari inatiwa nyingi ili asisikie tequila ni ya aina gani. Unacholipia pale ni kiti, muziki, taa za zambarau na picha. Hakuna ubaya kulipia kiti. Ubaya ni kuaminishwa kwamba bila hicho kiti hakuna margarita.

Na hii imani imetuingia. Nimesikia watu wazima, wasomi, wakisema eti kokteli si kitu cha kutengenezea bedsita. Eti inataka kaunta ya kioo, kopo la chuma la kutikisia, na jamaa amevaa aproni ya ngozi. Mtu wa Kawangware anywe keg ama anyamaze. Ukiwauliza kwa nini, hawana jibu, wana sura tu.

Hebu tuangalie hiki kinywaji kinachotutisha kimetoka wapi. Ukweli ni kwamba hakina mwenyewe. Kuna hadithi ya Carlos Herrera, mwenye mkahawa karibu na Tijuana, ambaye mwaka wa 1938 alimtengenezea mwigizaji mmoja ambaye eti mwili wake ulikataa pombe kali zote isipokuwa tequila. Kuna ya Margarita Sames, mama tajiri wa Texas, aliyedai aliibuni kwenye karamu zake kule Acapulco mwaka wa 1948. Shida ni kwamba kitabu cha kokteli cha Café Royal, kilichochapishwa London mwaka wa 1937, tayari kina kinywaji kiitwacho Picador chenye vitu vilevile vitatu. Jarida la Esquire la Marekani likaitangaza kwa jina la margarita Desemba 1953. Maelezo ninayoyaamini mimi ni yale yasiyo na mbwembwe: zamani kulikuwa na ukoo mzima wa vinywaji ukiitwa daisy, yaani pombe kali, ndimu na kitu kitamu, na daisy kwa Kihispania ni margarita. Ni jina la ua. Ua lenyewe ni la jamii moja na pareto ya Nakuru na Nyandarua, kwa hivyo ukitaka kuiita kinywaji cha pareto ni sawa, hakuna atakayekushtaki.

Ile ya kusagwa kama aiskrimu ni ya Dallas, mwaka wa 1971. Mariano Martinez alikuwa na mkahawa, wahudumu wake wakashindwa kusaga kwa wingi, ladha ikawa inabadilika kila glasi, akachukua mashine ya aiskrimu laini akaigeuza. Mashine hiyo sasa iko jumba la makumbusho la Smithsonian kule Washington. Ilikuwa akili nzuri ya biashara. Lakini ni mashine ya kuuza mia kwa saa moja, na wewe unatengeneza mbili.

Hata tequila yenyewe si ngeni hivyo. Inatokana na agave ya buluu, na kwa sheria lazima itoke jimbo la Jalisco na sehemu za majimbo mengine manne ya Meksiko. Ndugu yake agave ya buluu ni mkonge. Mkonge wetu pia asili yake ni Meksiko: mwaka wa 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kupitia Florida, na ni 62 tu iliyofika upande wa Tanga ikiwa hai. Hapo ndipo mashamba ya mkonge ya Afrika Mashariki yalipoanzia, mpaka Vipingo kule Kilifi. Kwa zaidi ya miaka 100 tumesokota kamba na kufuma viondo kwa binamu wa tequila. (Usiende kukamua mkonge wa ua wa shosho. Si mmea uleule, na mimi sitaki kesi.)

Halafu kuna dawa, ambayo sijui kwa nini hatujivunii zaidi. Carnivore ilifunguliwa mwaka wa 1980 pale Lang'ata, na ndiyo iliyoifanya dawa iwe kinywaji ambacho kila mtalii anaondoka nacho kichwani: vodka, ndimu, sukari, barafu, na asali kwenye kijiti. Pombe kali, kitu chachu, kitu kitamu. Ni ukoo uleule wa margarita. Mji uliozoea kuponda ndimu na asali kwa kijiti utashindwaje na hii?

Sasa kazi. Nitaeleza venye naifanya mimi, kwa keja ya chumba kimoja, mwisho wa matatu za 46, na hakuna kifaa cha kwenda kununua.

Ndimu kwanza. Ukiwa tao asubuhi, Marikiti pale Haile Selassie utapata bei nzuri, ila utauziwa nyingi kuliko unazohitaji. Mimi nanunua kwa mama mboga chini ya ploti. Usichague ile kubwa yenye ngozi nene ya kung'aa. Chagua yenye ngozi nyembamba, nzito kwa mkono, hata kama imeanza umanjano. Hiyo ndiyo ina maji. Mara ya kwanza mama mboga alidhani nina samaki.

"Chukua tano, kastoma. Samaki wawili zitawatosha."

"Si za samaki, mathe. Ni za kinywaji."

"Una homa?"

"Hapana, ni cha Jumamosi. Nina wageni."

Akanitazama, akaongeza moja juu. "Basi usikamue mapema. Ngoja wafike. Ndimu ikishakatwa haingoji mtu."

Hivyo tu. Na huyo mama hajawahi kuweka mguu kwenye ile baa ya jerikeni.

Viringisha ndimu mezani kwa kiganja, ukiikandamiza, mpaka uisikie imelegea. Kata katikati kwa upana, kamua. Moja nzuri hutoa kati ya mililita 15 na 25, kwa hivyo hesabu ndimu moja kwa glasi na uwe na ya akiba.

Kipimo: una kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi. Kimeandikwa 5, 10, 15. Kisafishe vizuri, hicho ndicho kipimo chako. Ukikosa, kijiko cha mezani ni mililita 15 na cha chai ni 5. Chama cha kimataifa cha wahudumu wa baa kinasema tequila 50, triple sec 20, ndimu 15. Nawaheshimu, lakini hao watu hawakukua wakila embe bichi na chumvi na pilipili njiani kutoka shule. Mimi naweka 50, 25, 25. Nusu, robo, robo. Ukiwa na wageni wanne unazidisha bila kikokotoo.

Tequila: soma lebo. Ikiandikwa 100% agave, sukari yote iliyochachushwa imetoka kwa agave. Isipoandikwa hivyo, sheria ya Meksiko inaruhusu agave ishuke hadi asilimia 51, na iliyobaki ni sukari ya kitu kingine. Ile ya bei ya chini kwa duka la wines mara nyingi ni hii ya pili. Si sumu, na kama mfuko unasema hivyo, nunua hiyo, mradi ujue. Jambo ambalo si la hiari ni stempu ya ushuru kwenye kifuniko. KRA wana programu ya simu inaitwa Soma Label. Piga skani hapohapo dukani, mbele ya mwenye duka, kabla ya kulipa. Akikasirika, umepata jibu lako.

Kutikisa: ile chupa ya chuma ya mdomo mpana unayobebea maji kazini. Jaza barafu, mimina vyote, funga sana, tikisa kwa nguvu kama sekunde 15, mpaka chupa iumize mkono kwa baridi. Barafu itayeyuka kiasi na kuongeza kinywaji kwa karibu robo. Huko si kuchakachua. Bila hayo maji kinywaji kitakuchoma koo. Chujia kwa kichungi cha chai. Na barafu igandishe kwa maji ya kunywa, kwa chombo chenye kifuniko, hasa kama friji yako inalala na omena. Nimeonja margarita ya omena kwa rafiki yangu mmoja wa Kangemi na sipendekezi.

Chumvi: pitisha ganda la ndimu kwenye mdomo wa glasi, upande mmoja tu, halafu uguse kwa sahani ya chumvi. Upande mmoja ili anayekunywa achague. Ukichanganya na pilipili ya unga, sasa umerudi kwa lile embe. Glasi yoyote ni sawa. Ya chai ni sawa.

Ukikosa triple sec, tumia asali ya Kitui ama Baringo, mililita 15, iliyolegezwa na maji ya moto kidogo. Itakuwa kinywaji kizuri. Haitakuwa margarita ya asili, itakuwa binamu yake. Hata kule San Francisco, mkahawa wa Tommy's ulijulikana kwa kuacha pombe ya machungwa na kuweka sharubati ya agave. Mtu wa asali asione haya.

Hesabu ya pesa, haraka. Tuseme mzinga wa tequila umeupata kwa 3,000. Ni mililita 750, yaani glasi 15, shilingi 200 kila moja. Tuseme triple sec ni 2,000. Inatoa glasi 30, kama shilingi 67 kila moja. Ongeza ndimu. Hujafika 300. Weka bei za duka lako, jibu halitabadilika sana. Sisi tuko wanne na tunachanga, na chupa mbili zinatupitisha mwezi.

Kuna hesabu nyingine, na hii ndiyo iliyonifanya niandike. Mililita 50 za tequila ya asilimia 38 zina mililita 19 za pombe tupu. Mililita 25 za triple sec ya asilimia 40 zina 10. Jumla 29. Tusker ya nusu lita, asilimia 4.2, ina 21. Kwa hivyo glasi moja ndogo ya margarita inapita Tusker moja kubwa kwa zaidi ya thuluthi, na glasi mbili zinakaribia Tusker tatu. Ukipima kwa kikombe cha kikohozi, unalijua hilo kabla ya kunywa. Unajua ya pili ndiyo ya mwisho, na unajua kwa nini. Westlands, kwa ile glasi kubwa kama bakuli, umekunywa ngapi? Hujui. Aliyekumiminia pia hajui, na muziki uko juu.

Kutojua ndiko kumetuua katika hii nchi, na simaanishi kwa mfano.

Shosho zetu walijua. Busaa ilipikwa nyumbani na mwanamke anayejulikana, kwa wimbi na mahindi ambayo kila mtu aliyaona yakianikwa. Muratina ilikuwa na mwenyewe na ilikuwa na siku yake. Sijifanyi kwamba walevi hawakuwepo. Walikuwepo, na walijulikana kwa majina. Lakini hakuna aliyekunywa kutoka kwa mkono asioujua. Wakaja wakoloni, wakamkataza Mwafrika pombe kali za Kizungu, na miaka ya 1920 manispaa ya Nairobi ikajifungulia kilabu chake cha pombe kule Pumwani na kuchukua faida. Mama aliyepika kwake akawa mhalifu wa kufukuzwa na askari; manispaa iliyopika ikawa inaleta maendeleo.

Uhuru ulipokuja tukaendelea na mchezo uleule. Mwaka wa 1980 chang'aa ikapigwa marufuku kwa sheria yake yenyewe. Watu waliacha kunywa? Waliacha kuuliza. Ukinunua kitu gizani, kwa dirisha, huku ukiangalia kama kuna polisi, huulizi kimetiwa nini. Novemba 2000, Mukuru hapa Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Ile marufuku ilikaa miaka mingine kumi, mpaka sheria ya 2010, tunayoiita ya Mututho, ilipoiondoa. Februari 2024, Kirinyaga, tukazika watu tena.

Sasa Julai 2025 serikali ikazindua sera mpya, na NACADA ndio walioibeba. Umri upande kutoka 18 hadi 21. Pombe isiuzwe supamaketi. Isiuzwe mtandaoni. Isipelekwe nyumbani. Makelele yalipozidi tukaambiwa tutulie, hii ni sera tu, si sheria. Sawa. Lakini sera huzaa sheria, na mimi napendelea kubishana kabla ya kujifungua.

Ondoa supamaketi, ondoa boda, halafu uniambie kimebaki nini. Kimebaki baa, na kimebaki mlango wa nyuma. Kwa sheria ya Mututho baa inafunga saa tano usiku, kwa hivyo mwanamke anayetaka glasi mbili atazinywa huko, na saa tano anasimama Waiyaki Way akitafuta gari. Na huko baa kuna mchele. Hakuna msichana wa Nairobi wa umri wangu ambaye hajui mtu aliyetiliwa mchele. Tumefundishwa tushike glasi zetu mkononi hadi chooni. Tumefundishwa tufunike kwa kiganja. Sasa mtu aliye kwake, amefunga mlango, na marafiki watatu anaowajua tangu fomu wani, amekamua ndimu kwa mikono yake, ameskani stempu, amepima kwa kikombe, eti huyo ndiye tatizo la taifa.

Kuna hoja moja ya upande wa pili siwezi kuiruka. Nyumba si mahali salama kwa kila mtu. Tarehe 27 Januari 2024 tuliandamana hapa Nairobi na miji mingine kwa sababu wanawake wanauawa, na wengi hawauawi na watu wa njiani. Kuna nyumba ambazo chupa ikiingia watoto wanaanza kuhesabu dakika. Kuna pia anayekunywa peke yake, kila siku, na mlango uliofungwa ndio unaomficha. Nawajua wote hao, si kwa kusoma.

Lakini yule baba hangoji boda. Ananunua dukani mita ishirini kutoka getini, taslimu, na hakuna anayemwuliza kitambulisho wala hali yake. Kuagiza kwa simu ni njia ya kununua pombe mjini ambayo inaacha jina, namba, saa na risiti. Ukitaka kuzuia mtoto wa miaka 16, mwambie mwendeshaji adai kitambulisho mlangoni, na asipodai apigwe faini yeye na aliyemtuma. Ukitaka kumsaidia anayekunywa peke yake, mpe mahali pa kwenda. Tukiulizwa hospitali ya umma ya kumpeleka mtu aliyelemewa na pombe hapa Nairobi, wengi wetu tunataja Mathari, halafu tunanyamaza. Hakuna hata mmoja kati ya hawa wawili atakayeponywa kwa kumzuia mwandishi wa Kawangware kuletewa triple sec.

Na usiponikubali kuhusu pombe kabisa, kwa dini ama kwa sababu zako, karibu hata hivyo. Ndimu, asali, chumvi, soda isiyo na ladha, tikisa vilevile. Katika sisi wanne mmoja hanywi pombe, na glasi yake ina chumvi upande mmoja kama zetu.

Wenye baa, andikeni kilicho ndani. Menyu ina nafasi ya kutosha. Mmeweza kueleza nyanya kavu kwa mistari mitatu. Kama ni ya jerikeni, semeni ni ya jerikeni na mshushe bei, tutakuja tu, muziki wenu ni mzuri.

Na nyinyi mtakaoandika mswada: kifungu cha kupelekewa nyumbani kitoke, kiwekwe cha kitambulisho mlangoni. Cha duka karibu na shule kibaki, hatuna shida nacho. Kila chupa ya kokteli iliyochanganywa tayari, na kila kokteli ya baa, iandikwe ina pombe tupu kiasi gani. Na mkija kukusanya maoni ya wananchi, msituitie hoteli ya Upper Hill Jumatano saa nne asubuhi. Njooni Kawangware Jumamosi jioni. Mtu mmoja aje na barafu.